Wati si bei: acheni kulisingizia jiko la stima

Leo tunaweka programu kando kidogo, tunaingia jikoni. Najua kuna atakayeuliza mtu wa kuandika msimbo anatafuta nini kwenye sufuria. Jibu ni kwamba jiko la stima la kubebeka, hili la kuweka juu ya meza na kuchomeka ukutani, ni kifaa cha elektroniki kama simu au redio, na uongo unaosemwa juu yake umenichosha.

Kila nikitaja kwamba napika kwa stima napewa majibu matatu yale yale. La kwanza: "Hiyo itakumalizia tokeni." La pili: "Induksheni ni ya watu wa Kileleshwa." La tatu, na hili hutoka kwa wenye nyumba: "Koili ni marufuku kwenye ploti hii." Wanasema mambo tofauti lakini wote wamekosea mahali pamoja. Hawajapiga hesabu. Wameona namba moja kwenye boksi, yaani wati, wakaogopa. Na kwa kuogopa namba isiyofaa, Mkenya ananunua jiko baya kuliko yote, analichomeka kwenye waya mbaya kuliko zote, halafu likimchoma anasema stima ndiyo mbaya.

Msidhani natia chumvi. Sensa ya 2019 ilipouliza nyumba za Kenya zinatumia nini hasa kupikia, kuni zilipata asilimia 55.1, gesi 23.9, makaa 11.6 na mafuta ya taa 7.8. Stima ilipata 0.9. Katika sensa hiyo hiyo, asilimia 50.4 ya nyumba zilikuwa zikipata mwanga kutoka stima ya gridi. Yaani nusu ya nyumba zina waya ukutani, na hata nyumba moja kati ya mia haiitumii stima kama njia yake kuu ya kupikia. Mambo hubadilika na miaka imepita, lakini maneno ninayoyasikia hayajabadilika hata kidogo.

Haya, tuyachukue moja baada ya jingine.

WATI NI KASI, YUNITI NDIYO BANDO

Wewe unayesoma hapa unajua tofauti ya kasi ya intaneti na ukubwa wa bando. Ukipakua faili la MB 500 kwenye mtandao wa kasi, linaisha kabla hujamaliza chai. Ukilipakua kwenye mtandao wa kobe, unalala na kuamka bado linasonga. Bando linakatwa ngapi? MB 500, kote kuwili. Sijawahi kumsikia mtu akisema atatafuta mtandao wa polepole ili aokoe bando. Lakini jikoni ndivyo tunavyosema kila siku: "Hili ni la wati 1000, litakula kidogo kuliko lile la 2000."

Wati ni kasi. Yuniti ndiyo bando, na yuniti ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Unalipia yuniti. Hulipii wati.

Tupige hesabu ya lita 2 za maji hapa Nairobi. Tuseme yanatoka mferejini yakiwa na digrii 20. Kwa kuwa tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kila lita inahitaji kilojuli 4.19 ili ipande digrii moja. Zidisha 2 kwa 4.19 kwa 74, unapata kilojuli 620. Yuniti moja ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo maji hayo yanahitaji yuniti 0.17, basi.

Kama joto lote lingeingia kwenye maji, jiko la wati 1000 lingechukua dakika 10 na kitu, na la wati 2000 dakika 5 na kitu. Yuniti ni zile zile. Tena ukweli wenyewe ni mbaya zaidi kwa yule aliyekimbilia wati chache. Sufuria hupoteza joto hewani kila dakika inayokaa motoni. Ikikaa dakika 12 inapoteza zaidi kuliko ikikaa dakika 6. Kwa kazi ya kuchemsha, jiko la wati kidogo ndilo linalokula zaidi. Soma sentensi hiyo tena, halafu mpigie yule jamaa aliyekushauri.

Pale ambapo wati chache zinafaa ni baada ya maji kuchemka. Maji yakifika digrii 94 hayaendi juu zaidi hata uwashe moto wa jehanamu. Ukiacha jiko kwenye 2000 githeri ikitokota, unalipia mvuke wa kupasha dari. Anza na nguvu zote, ikichemka shusha, funika. Hiyo ndiyo siri yote ya kuokoa tokeni, na haina uhusiano wowote na namba iliyoandikwa kwenye boksi.

USINIAMINI MIMI, ULIZA MITA

Angalia mita yako. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa kitu kama "1000 imp/kWh". Maana yake ni kwamba taa ikipepesa mara 1000, umetumia yuniti moja. Sasa zima kila kitu nyumbani, washa jiko peke yake kwa nguvu zote, na uhesabu sekunde za kupepesa mara 20. Ikichukua sekunde 36, jiko linatumia wati 2000. Ikichukua sekunde 72, ni wati 1000, hata kama boksi limeandikwa 2000.

Mita nyingine zina namba tofauti na 1000, kwa hiyo hii hapa fomula kwa wenye kuipenda: chukua 3,600,000, zidisha kwa idadi uliyohesabu, gawanya kwa sekunde ulizopata, kisha gawanya tena kwa namba ya imp iliyo kwenye mita yako. Jibu ni wati.

Sasa pima chakula kizima. Soma yuniti zilizobaki kabla ya kupika sukumawiki, soma tena baada ya kupika. Toa. Zidisha kwa bei ya yuniti yako, ambayo unaipata kwa kuchukua shilingi ulizolipa mara ya mwisho na kuzigawanya kwa yuniti ulizopewa. Usitumie bei uliyoisikia redioni. Kodi na ada za mafuta hubadilika, na bei ya kweli ni ile iliyo kwenye ujumbe wa tokeni ndani ya simu yako. Dakika tano tu za kazi, na utakuwa umejua zaidi ya wote wanaobishana kwenye matatu.

JE, STIMA INASHINDWA NA GESI?

Hapa nataka tuwe wakweli, kwa sababu kuna watu upande wangu pia wanaodanganya. Wanasema stima ni nusu bei ya gesi. Si kweli kwa kila upishi.

Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya karibu yuniti 12.8. Mtungi wa kilo 13 basi una yuniti 166. Lakini moto wa gesi hupita pembeni ya sufuria na kupasha ukuta, kwa hiyo tuseme nusu ndiyo inaingia kwenye chakula: yuniti 83. Kama ulijaza kwa shilingi 3,200 (weka bei yako mwenyewe hapa), kila yuniti iliyoingia kwenye chakula imekugharimu shilingi 38 na senti.

Sasa stima. Tuseme tokeni yako inatoka shilingi 30 kwa yuniti. Jiko la induksheni hupeleka kama asilimia 80 kwenye sufuria, kwa hiyo yuniti iliyoingia kwenye chakula ni shilingi 37.50. Jiko la sahani ya chuma au koili, tuseme asilimia 70, ni karibu shilingi 43.

Umeona? Ni sare. Ukisema gesi inapeleka asilimia 55 badala ya 50, gesi inashinda kwa shilingi chache. Ukisema tokeni yako ni shilingi 27, stima inashinda kwa shilingi chache. Hakuna pahali popote kwenye hesabu hii ambapo stima ni zimwi la kula mshahara. Yule anayesema "nilipikia stima wiki moja tokeni ikaisha" anasahau kwamba mtungi wa gesi hauna mita. Ungekuwa na mita inayopiga kelele kila shilingi ikiondoka, angeogopa gesi vile vile.

Kuna mtego mmoja wa kweli, na sitauficha. Tangu viwango vya Aprili 2023, bei ya nyumbani iligawanywa kwa matumizi: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaopita 30 hadi 100, na wanaopita 100, kwa kuangalia wastani wa miezi mitatu. Mtu anayetumia yuniti 25 kwa taa, televisheni na chaja analipa bei ya chini kabisa. Akianza kupika kwa stima na kuongeza yuniti 45, anaruka kundi, na yuniti ZOTE zinapanda bei, hata zile za taa. Yaani mwenye kipato kidogo anaadhibiwa kwa kuacha makaa. Mwaka 2024 serikali ilitoa mkakati mzima wa kitaifa wa kupika kwa stima. Mkakati ni karatasi nzuri. Lakini ukitaka kujua kwa nini mtu wa Kayole hajaacha jiko la makaa, usitafute kwenye mkakati, tafuta kwenye hilo daraja la yuniti 30. Hapo nawaunga mkono walalamishi kwa mikono miwili.

ADUI WA KWELI NI KOILI

Sasa tuje kwenye vifaa. Ukienda Luthuli utakuta aina nne.

1. Koili wazi. Ni waya uliojikunja ndani ya mifereji ya udongo, unawaka mwekundu. Kila aliyekaa hosteli ya chuo anaijua, na anajua pia kuificha chini ya kitanda msimamizi akipita. Ni rahisi kuliko zote. Na ndiyo inayoua. Waya ule ni mtupu na una stima ya volti 240. Ukizeeka hulegea na kuinuka kutoka kwenye mfereji wake, ukagusa sufuria. Sufuria ni ya alumini, kijiko ni cha chuma, mikono yako ina maji. Nyingine huja bila waya wa ardhi kabisa, na plagi ya miguu miwili. Hicho si kifaa cha jikoni, ni ajali inayosubiri siku yake. Kisipewe mtu yeyote, hata bure.

2. Sahani ya chuma. Waya umefichwa ndani ya chuma kizito. Ni salama zaidi. Tatizo ni kwamba chuma hicho huchukua dakika kadhaa kupata joto, na ukizima kinabaki moto, ambao umeulipia, ukipasha hewa. Pia kinataka sufuria yenye kitako bapa. Zile sufuria zetu zilizobonyea chini hugusa mahali pawili tu, na joto lingine linapotea. Ukiwa nayo, zima dakika tano kabla chakula hakijaiva, chuma kitamalizia kazi.

3. Infraredi. Ina kioo juu na utepe mwekundu chini yake. Hukubali sufuria yoyote, alumini, chungu, hata birika la shosho. Hupoteza joto zaidi ya induksheni, na kioo hubaki moto wa kuchoma mtoto baada ya kuzima. Lakini kwa nyumba yenye sufuria za alumini tupu na bila pesa ya kununua nyingine, hili ndilo chaguo la busara.

4. Induksheni. Nayo ina kioo, lakini chini kuna koili ya shaba ambayo haichomi kitu. Mkondo hubadilika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, unaunda sumaku inayobadilika, na sumaku hiyo inazusha mkondo ndani ya kitako cha sufuria yenyewe. Sufuria ndiyo inakuwa jiko. Ukiiondoa, joto linakatika papo hapo. Kioo hupata moto tu kwa kurudishiwa na sufuria. Hiyo ndiyo sababu inapoteza kidogo, na ndiyo sababu mimi naichagua.

Sasa angalia kilichotokea. Watu wengi waliowahi "kujaribu stima" walijaribu namba moja. Ikawapiga shoti, ikachoma soketi, ikachelewesha ugali, wakaapa hawarudii. Ni sawa na mtu aliyenunua simu bandia ya mtaani, ikalipuka chaja, akasema simu hazifai.

"INDUKSHENI NI YA MATAJIRI"

Kinachowashinda watu si bei ya jiko lenyewe. Ni sufuria. Jikoni kwetu alumini ndiyo mfalme, na alumini haikubali induksheni ya kawaida. Mtu ananunua jiko, anafika nyumbani na furaha, anaweka sufuria, jiko linapiga mlio na kuandika E0 au msimbo mwingine. Anarudi dukani kupigana. Muuzaji, ambaye alijua, anamwambia anunue seti ya sufuria "maalum" kwa bei ya ajabu.

Hakuna sufuria maalum. Kuna sumaku. Chukua sumaku ya spika iliyokufa au ile ya kubandika kwenye friji, nenda nayo sokoni, igusishe kitakoni. Ikishika kwa nguvu, sufuria itapika. Ikiteleza na kuanguka, iache. Sufuria za enameli, zile za maua walizokuwa nazo mama zetu, ni chuma ndani na hushika sumaku. Kikaango cha chapati cha chuma kizito kinashika, na chapati zake hazina mpinzani. Baadhi ya sufuria za chuma kisichoshika kutu hukubali na nyingine hukataa, ndiyo maana unabeba sumaku na hubebi imani. Sufuria mbili na kikaango kimoja zinatosha kuanza.

Usinunue ile sahani ya chuma inayouzwa kuwekwa kati ya induksheni na sufuria ya alumini. Umegeuza jiko la aina ya nne kuwa la aina ya pili, na joto linarudi chini kwenye elektroniki.

Mambo mengine ya kuangalia dukani: plagi ya miguu mitatu iliyoungwa kiwandani, alama ya ubora ya KEBS, na uzito wa waya. Waambie wachomeke na wawashe mbele yako. Jaribu kiwango cha chini: majiko mengi ya bei nafuu hayawezi kushuka kweli, yanawaka kwa nguvu sekunde kadhaa na kuzima sekunde kadhaa, kama programu inayolala na kuamka. Kwa githeri hakuna neno. Kwa mchuzi wa maziwa ya nazi utasikitika.

Nyumbani, usiliweke juu ya kitambaa wala gazeti, kwa sababu linapumua kwa feni iliyo chini. Stima ikipotea chomoa plagi, maana ikirudi huja na kishindo. Na piga vita mende. Wanapenda sana joto la ndani ya feni, na mende mmoja juu ya saketi anatosha kuliua jiko. Huyo ndiye mdudu wa programu nisiyeweza kumrekebisha :-) Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa amuulize daktari wake kabla ya kutumia induksheni.

TATIZO LIKO UKUTANI

Wati 2000 kwa volti 240 ni ampia 8.3. Soketi yetu ya kawaida ya miguu mitatu hubeba ampia 13. Kwa hiyo jiko moja kwenye soketi moja ya ukutani iliyofungwa vizuri halina shida yoyote.

Shida inaanzia kwenye ekstensheni. Zile nyembamba nyeupe nyingi zina waya wa milimita mraba 0.75, ambao ni wa ampia 6. Ukipitisha 8.3, waya unapata moto. Na joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Ndiyo maana ekstensheni iliyobeba televisheni na redio miaka mitano bila neno inayeyuka jioni ya kwanza ya kupika maharagwe. Ukiongeza birika la stima kwenye ekstensheni hiyo hiyo umefika ampia 16 na zaidi. Halafu fyuzi ikikatika, kuna "fundi" anayeziba kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Sasa kitu pekee kilichobaki cha kukatika ni nyumba yako.

Sheria zangu ni fupi. Jiko linaenda ukutani moja kwa moja. Soketi ikipata joto la kuhisi kwa mkono, acha kupika. Fyuzi ni fyuzi. Na waya wa ardhi upimwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, si yule anayeonja stima kwa kidole.

Hapa ndipo nakuja kwa wenye nyumba. Nawaelewa: kama stima iko ndani ya kodi, mpangaji anayepika anakula faida yenu. Lakini dawa ni mita ndogo kwa kila chumba, si tangazo la "MARUFUKU KOILI" mlangoni. Na kama hofu yenu ni moto, basi mnakiri wenyewe kwamba waya za nyumba mnayokodisha haziwezi kubeba ampia 8. Hilo ni kosa la nani?

Tarehe 1 Februari 2024 kituo cha kujazia gesi kililipuka Embakasi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi ya ujenzi hapo. Je, kuna mwenye nyumba aliyepiga marufuku gesi kwenye ploti yake? La. Tulisema, na tulisema sawa, kwamba vituo haramu vifungwe. Lakini koili moja mbovu ikichoma pazia, stima yote inafukuzwa.

Na mpangaji aliyekatazwa stima anafanya nini Julai, baridi ikikaza na gesi imeisha katikati ya mwezi? Anaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Makaa hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Kila msimu wa baridi tunasoma habari hizo, tunasikitika, tunafungua ukurasa wa michezo. Marufuku yenu haiondoi hatari. Inaihamisha kutoka kwenye soketi yenu hadi kwenye mapafu ya mtoto wa mpangaji.

"NA STIMA IKIPOTEA?"

Swali halali. Agosti 25, 2023 nchi karibu yote ilikaa gizani, na kabla mwaka huo kuisha tuliona mengine mawili ya namna hiyo. Sisemi utupe meko yako. Weka mtungi wa kilo 6 pembeni, utakaa muda mrefu ukiwa wa dharura tu. Mimi mwenyewe ninao. Kuwa na njia mbili si usaliti, hata data zetu tunaziweka nakala mbili.

Na kwa vyakula vya saa tatu, usilaumu stima wala gesi. Laumu digrii 94. Maharagwe ya Nairobi na Limuru hukawia kwa sababu maji yetu yanachemka mapema kabla ya kupata joto la kutosha. Sufuria ya presha hupandisha joto hilo kupita digrii 110. Loweka maharagwe usiku, tumia presha juu ya induksheni (angalia kitako kwa sumaku), na kile kilichokuwa kinatokota saa tatu kwa wati 500, yaani yuniti 1.5, kinaisha kwa sehemu ndogo tu ya hapo. Kwenye githeri stima ikiwa na presha haitoki sare tena na sufuria ya wazi juu ya gesi. Inashinda wazi.

Ugali je? Ugali unapikika. Shika sufuria kwa nguvu maana kioo huteleza, na usiinue ukisonga, kwa sababu induksheni itadhani umemaliza na itazima. Utazoea kwa siku mbili.

KWA UFUPI

Muuzaji: andika kwenye boksi "haikubali alumini" kwa herufi kubwa, na uache kuuza koili wazi. Mwenye nyumba: weka mita ndogo na urekebishe waya. Wanaopanga bei za stima: ondoeni adhabu kwa anayevuka yuniti 30 kwa sababu ya chakula. Na wewe msomaji: acha kuuliza "ni la wati ngapi" kana kwamba unauliza bei.

Kabla hujaniandikia kwamba stima ni ghali, hesabu ile taa nyekundu kwa wiki moja. Niletee yuniti, shilingi na ulichopika. Namba zako zikinishinda nitaziweka hapa hapa kila mtu azione. Lakini njoo na namba, si na "jirani aliniambia".

Kwaherini kwa sasa. Wiki ijayo tunarudi kwenye programu.